FM ni nini, na kwa nini radi haiiharibu

Tukuyu mvua ikishaanza, haina haraka ya kuondoka. Jioni moja ya radi nilikuwa kwa dada yangu, redio iko juu ya kabati, imewekwa mawimbi ya kati. Kila umeme ulipomulika, spika ilitoa mkwaruzo kama bati linaloburutwa kwenye saruji, na maneno ya mtangazaji yakamezwa. Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, akainuka akasogeza swichi kwenda FM. Radi ziliendelea vilevile juu ya paa, lakini muziki ukatoka safi. Akanigeukia: "Mjomba, kwani FM radi haiisikii?"

Inaisikia. Antena inapokea kila kitu, radi na muziki pamoja. Siri iko mahali ujumbe ulipowekwa.

Sauti ya mtu haifiki mbali yenyewe, kwa hiyo kituo cha redio huirusha kwa kuipandisha juu ya wimbi la redio. Wimbi hilo lina kimo, yaani linainuka kiasi gani, na lina masafa, yaani linapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde moja. Redio za zamani za mawimbi ya kati na mafupi hubeba sauti kwa kubadilisha kimo. Hiyo ndiyo AM. FM hukiacha kimo kilekile muda wote, ikabadilisha masafa. Herufi zenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kurekebisha masafa.

Nilimtolea mpwa wangu mfano wa njia ya udongo inayoshuka mtoni. Tuseme mtu anakupelekea ujumbe kwa nyayo zake. Akiuandika kwa kina, hapa amekanyaga sana, pale kidogo, mvua moja tu inaufuta, maana maji hujaza mashimo na kuchimba mengine. Akiuandika kwa nafasi kati ya hatua na hatua, mvua itazichafua nyayo lakini hatua bado utazipima. Radi na mashine za kusaga hufanya kama mvua hiyo: huchezea zaidi kimo. Redio ya FM ina sehemu ndani yake inayokata vimo vyote viwe sawa kabla ya kusoma masafa, na pale ndipo mikwaruzo mingi inapoachwa.

Sasa jambo ambalo wengi hulichanganya. Ukifungulia stesheni ya 98.0, mtangazaji akinyamaza kabisa, mtambo unarusha mawimbi milioni 98 kwa sekunde; ndiyo maana ya megahezi 98. Akianza kusema, namba hiyo inayumba juu na chini. Inayumba mbali kiasi gani? Hiyo ni nguvu ya sauti: kelele kubwa huisukuma hadi kilohezi 75, yaani mawimbi elfu 75 kwa sekunde, kila upande, mnong'ono huisogeza kidogo tu. Inayumba mara ngapi kwa sekunde? Huo ni wembamba au unene wa sauti: besi huiyumbisha mara mia hivi, filimbi maelfu. Redio yako hufuata kuyumba huko na kukugeuzia kuwa sauti.

Aliyelitengeneza jambo hili likafanya kazi ni Mmarekani Edwin Howard Armstrong, aliyepewa hataza zake, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, mwaka 1933. Kabla yake, mwaka 1922, mhandisi John Carson alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba kubadilisha masafa hakupunguzi nafasi ambayo stesheni inachukua hewani, na wengi wakaona njia hiyo haina faida. Armstrong akaenda kinyume: akaipa stesheni nafasi pana zaidi kwa makusudi, ndipo usafi wa sauti ukaonekana. Alimaliza miaka yake ya mwisho mahakamani akipigania hataza hizo, akajiua mwaka 1954. Mkewe, Marion, aliendeleza kesi hadi akashinda. Huwa naona uchungu nikimkumbuka, maana karibu kila kinyozi na kila daladala ya Mbeya inatumia alichokiacha.

Upana huo una gharama. Stesheni ya FM huhitaji karibu kilohezi 200, wakati ya mawimbi ya kati hutosheka na 9. Kwa hiyo FM ilipelekwa juu kwenye nafasi kubwa, kati ya megahezi 87.5 na 108, na huko mawimbi yana tabia nyingine: urefu wake ni kama mita tatu tu, hayaukumbatii mlima wala usiku hayarudishwi na anga la juu kama yale ya kati. Husafiri karibu kama macho yanavyoona. Antena yenye kimo cha mita 100 juu ya tambarare hufika kama kilomita 40. Ipandishe mita 1,000 juu ya bonde, inafika kama 130. Ndiyo sababu minara hukimbilia vilele, na sababu redio moja ya taifa ina namba tofauti Iringa, Mbeya na Njombe.

Ukipanda basi la Iringa kwenda Morogoro utaisikia tabia nyingine ya FM ukishateremka Kitonga. Stesheni inaanza kudhoofika, kisha ghafla inatokea nyingine yenye namba ileile, mahubiri badala ya bongo fleva, bila kuchanganyika sana. Redio ya FM hushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulizima lingine.

Hilo kwa msikilizaji ni zuri, kwa rubani ni hatari. Marubani wanaotua Songwe huongea kwa AM hadi leo, ili wawili wakizungumza kwa pamoja, mwongoza ndege asikie kwamba kuna wa pili. Majini ni tofauti: chaneli ya 16, megahezi 156.8, inayotumika duniani kuitia msaada, ni FM. Redio za mkononi za walinzi, zile za kubonyeza ndipo uongee, nazo nyingi ni FM, ila zinayumba kilohezi chache tu kwa kuwa sauti ya mtu haihitaji upana wa muziki.

Kesho yake dada aliniuliza kwa nini stesheni anayoipenda inafifia jikoni. Nyumba iko nyuma ya kilima. Tulivuta antena hadi sentimita 75, robo ya zile mita tatu, tukaihamishia redio dirisha la upande wa barabarani. Ilikataa. Tukaisogeza kama hatua moja kuelekea pazia, ikashika.