Kanane, Leburu na swali la "wakati umefika?"

Nikifundisha sheria ya katiba, hakuna kesi ninazozipenda kama mbili za Botswana kuhusu mapenzi ya jinsia moja. Kosa ni lilelile, mahakama zimeamua tofauti, na kati ya hukumu moja na nyingine ipo miaka kumi na sita tu.

Kwanza chimbuko. Kosa la "kinyume cha maumbile" lililetwa na Waingereza. Lilikuwamo katika kifungu cha 377 cha sheria ya jinai ya India ya 1860, na kwa maneno yanayokaribiana likatua Kenya, Tanganyika na Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. England na Wales zilianza kulifuta kwa wanaume watu wazima 1967. Ajabu ni kwamba leo anayelitetea ndiye anayeonekana kutetea Uafrika!

Utjiwa Kanane alikamatwa 1994. Kesi yake ilipofika Mahakama ya Rufani 2003, majaji walisema wakati wa kuhalalisha bado haujafika. Ushahidi wao? Bunge lilikuwa limerekebisha sheria 1998 ili iwabane wanawake pia, kwa hiyo wakaona jamii inazidi kukaza.

Hapo ndipo mawakili wa kesi ya pili walipopata mwanya. Kama msimamo wa jamii hupimwa kwa kazi ya Bunge, basi tuitazame kazi hiyo. Mwaka 2010 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ajira, likakataza mtu kufukuzwa kazi kwa sababu ya mwelekeo wake wa kimapenzi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaamuru LEGABIBO, shirika linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja, lisajiliwe. Desemba 2018 Rais Masisi mwenyewe akasema hadharani kwamba watu hawa wanateswa na wanastahili kulindwa.

Kwa hiyo Letsweletse Motshidiemang, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipofungua shauri lake, serikali ilirudia hoja ya zamani kwamba jamii haijabadilika. Jaji Michael Leburu wa Mahakama Kuu hakuona ushahidi wa hilo. Tarehe 11 Juni 2019 akafuta kosa hilo, na Novemba 2021 majaji watano wa rufani, wakiongozwa na Ian Kirby, wakamuunga mkono kwa kauli moja.

Sasa linganisha na Nairobi. Wiki chache tu kabla ya Leburu, Mei 24, Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa ombi linalofanana na hilo. Majaji walishika ibara ya 45(2) ya Katiba ya 2010, inayosema mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Kuhalalisha, walisema, kungefungua mlango wa nyuma kwa ndoa za jinsia moja. Katiba ya Botswana haina ibara kama hiyo. Binafsi naiona hoja hiyo dhaifu: kutokufungwa jela kwa jambo la chumbani si sawa na kupewa cheti cha ndoa. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilikubali shirika la kutetea watu hawa lisajiliwe, ila vifungu vya jinai havikuguswa.

Wala usidhani Botswana mambo yametulia. Julai 2023, muswada wa kuoanisha sheria na hukumu ulipofika bungeni, waumini wa makanisa waliingia barabarani Gaborone kuupinga.