Intarapti ya taima inakatiza, haikatishi

Kaa kidogo na vijana wa Mwanza wanaounda mashine za kulisha sato kwenye vizimba vya ziwani, utasikia: "Intarapti imekatisha programu." Hapana.

Intarapti ya taima ni wito. Taima ndani ya maikrokontrola (chipu ndogo inayoendesha mashine) inahesabu mapigo ya saa. Ikifika namba uliyoipanga, prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inatekeleza kipande kifupi cha programu, kisha inarudi palepale ilipoachia. Basi.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, interrumpere, kuvunja katikati. Katikati, si mwishoni. Kiswahili kimetupa -katiza na -katisha, wote watoto wa -kata, lakini tabia zao mbali kabisa. Safari ya meli ikikatishwa, abiria wanashuka na mizigo yao. Anayehesabu ndoo za dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akiitwa jina anakatizwa: anashika kumi na saba kichwani, anaitika, anarudi na kuendelea na kumi na nane. Prosesa nayo huweka kwenye staki (sehemu ya kumbukumbu) anwani ya kurudia, ndiyo kumi na saba yake.

Kwa hiyo programu inayoanza upya kila wito unapofika haijakatizwa, imekatishwa kweli, na kosa ni lako. Kwenye ATmega328P, chipu ya bodi ya Arduino Uno, angalia kwanza tahajia ya TIMER1_COMPA_vect, jina la kipande kinachoitwa na Taima 1. Ukikosea herufi moja, kompaila inatoa onyo tu, na Arduino IDE, programu unayoandikia, huyaficha maonyo kama hujayawasha. Intarapti ikija haina pa kwenda, inarushwa hadi anwani sifuri, mashine inaanza mwanzo.

Kuna na lalamiko hili la "taima imekufa". Vitu ni vitatu: taima inahesabu, bendera inapanda, wito unapigwa. Bendera ya OCF1A, biti inayogeuka 1 hesabu ikitimia, hupanda hata kama hujaruhusu wito wowote. Basi zima OCIE1A, biti inayoruhusu wito, kisha ndani ya loop (sehemu ya programu inayojirudia) isome OCF1A kwenye TIFR1, rejista ya bendera, ikiwa 1, geuza hali ya taa ya bodi na uishushe bendera kwa kuiandikia 1 (ndiyo, 1, wala si 0, waliobuni chipu waliamua hivyo). Taa ikipepesa, taima ni nzima. Ugonjwa uko kwenye OCIE1A, au hujaita sei() inayoruhusu intarapti zote, au kazi yenyewe ya intarapti.

Taa isipopepesa, rudi kwenye hesabu. Kwa kristali ya 16 MHz na kigawanyi cha 256, sekunde moja ni OCR1A (namba unayoipanga) ya 62499, si 62500, kwa kuwa kuhesabu kunaanzia sifuri. Chipu tupu kutoka kiwandani haitumii kristali hiyo: biti zake za fyuzi (mipangilio ya chipu) zimeiweka 1 MHz, hivyo sekunde yako inakuwa sekunde 16. Watu husubiri tano, wanatangaza msiba. Na kwenye Arduino andika TCCR1A = 0 kabla ya yote; mfumo wake huacha humo, kwenye rejista hiyo ya mipangilio ya Taima 1, biti ya PWM (hali nyingine ya taima), ukiongeza WGM12, biti ya kuirudisha kaunta sifuri ikifika OCR1A, kaunta inageukia 255 na haiioni 62499 milele. Kama mlango wa chakula unafunguliwa na servo, kumbuka laibrari ya Servo kwenye Uno inaitaka Taima 1 hiyohiyo.

Wito ukipigwa lakini loop haioni mabadiliko, kigeu (variable) hakina neno volatile, linaloiambia kompaila ikisome upya kila mara. Kikiwa cha baiti mbili, kisome intarapti zikiwa zimezimwa, la sivyo utachukua nusu ya zamani na nusu mpya.

Basi, fundi, ukija na bodi yako tena, usiseme "intarapti imekatisha". Sema "bendera inapanda ila prosesa haikatizwi", na hapo tutajua tuanzie rejista gani.