Je, wajua kwanini Tanga inahitaji wakaguzi wa mionzi na kinu cha nyuklia hatuna?

Vijana wengi wa fizikia hapa Tanga ukiwatajia kazi ya usalama wa nyuklia wanaona ni mambo ya Ufaransa na Urusi huko. Mkaguzi hafati kinu jamani, anafata mionzi, na mionzi Tanga ipo kitambo sana.

Chukua mbung'o. Miaka ya 90 kituo cha utafiti cha hapa hapa Tanga kilifuga mbung'o kwa mamilioni, madume yakapigwa mionzi ya gamma yakawa tasa, kuanzia 1994 yakawa yanapelekwa Unguja kumwagwa kwa ndege. Jike la mbung'o kawaida hupandwa mara moja tu, akikutana na dume tasa basi uzazi umeishia hapo! Dawa kwa ng'ombe na vitambaa vyenye sumu vilitangulia kuwapunguza, madume tasa yakamaliza, na 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Kwangu mimi hiyo ndo kazi ya kijani hasa, maana hakuna tena haja ya kupiga sumu kila mwaka. Ila chanzo cha gamma lazima mtu akipime, akague ngao yake na ahakikishe wanaokitumia wamevaa vipima mionzi kifuani.

Hospitali nako hivo hivo. Mkaguzi anasimama nje ya chumba cha eksirei, mashine inawashwa, yeye anapitisha kipimo taratibu kwenye bawaba, chini ya mlango, pembeni ya kidirisha cha mpiga picha, kwasababu madini ya risasi yaliyo ndani ya mlango yakishuka au yakipasuka kwa macho huoni kitu. Mfanyakazi wa mionzi kikomo chake ni wastani wa milisivati (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 20 kwa mwaka, ila yule mama aliyekaa benchi la nje anamsubiri mwanae ni 1 tu, kwahiyo ukuta unaomgusa mgongo nao unapimwa.

Viwandani, saruji ikiwemo, kuna vipimo vya ujazo vinavyotumia sesiamu-137, elementi inayotoa mionzi, na hiyo inachukua miaka 30 kupungua nusu, yani kiwanda kinaweza kufungwa ikabaki na nguvu zake. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazili, waokota vyuma chakavu walifungua mashine ya tiba iliyotelekezwa yenye sesiamu hiyo hiyo, watu 4 wakafa. Sisi wenye vyuma chakavu kila mtaa tusiichukulie poa hii.

Na mahitaji yanakua, maana mwaka 2023 kwenye mkutano wa tabianchi Dubai nchi zaidi ya 20 ziliahidi kuongeza umeme wa nyuklia mara tatu ifikapo 2050, sababu hautoi hewa ukaa wakati wa kuzalishwa, na hayo yote yanataka wakaguzi.

Kwetu anayesimamia ni Tume ya Nguvu za Atomiki, ina ofisi Arusha, kwa sheria ya 2003. Fizikia usiiache, PCM (fizikia, kemia na hisabati) inakufaa sana, halafu digrii ya fizikia, uhandisi au radiografia. Dada zetu wanaotaka masta, shirika la atomiki la kimataifa, IAEA, lina ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie ulioanza 2020, unalipa ada mpaka yuro 20,000 na matumizi mpaka 20,000 nyingine, maombi ni mtandaoni, hata ukiwa Pongwe unaomba.