Machale yakicheza, yanasema nini?

Juzi kwenye mashine ya kusaga hapa Dodoma, kijana wa jirani aliniambia amelipia ekari mbili Hombolo alime zabibu. Nikamuuliza kuhusu maji, nguzo na waya za kutambazia mizabibu. "Mzee, mahesabu yanachelewesha. Machale yamenicheza." Mwezi huu ni mtu wa tatu kuniambia hivyo.

Machale ni hisi inayokujia ghafla kwamba kuna jambo, kabla hujajua umejuaje. Basi.

Tatizo liko kwenye neno lenyewe. Chale ni mkato mdogo wa wembe kwenye ngozi, ule wa kupakwa dawa. Aliyechanjwa aliaminiwa kuwa na kinga: hatari ikikaribia, zile chale humcheza, kama jicho linavyomcheza mtu. Kucheza huku ni kule kwa ngozi, si kwa ngoma. Kwa hiyo lazima wembe uwe umepita kwanza. Asiye na kovu hata moja, kimemcheza nini?

Halafu sikiliza watu wanavyolitumia. Machale yalimcheza, akashuka kwenye basi. Yalimcheza, akarudisha pesa mfukoni. Marehemu bibi yangu hakuwahi kusema yalimcheza akaenda harusini. Machale hukushika shati, hayakusukumi.

Kuingia kichwakichwa kuna neno lake, kukurupuka, la mtu aliyeshtuliwa usingizini na kutoka mbio bila kujua mlango uko wapi.

Hapo vijana hawa hunitajia Kongwa, mkoani humu humu Dodoma. Waingereza walikuja na mipango na matrekta mwaka 1947 kulima karanga, na 1951 mradi ukafutwa. Eti mipango haisaidii. Lakini wale nao walikurupuka, ila kwa makaratasi. Mvua ikawa haba, na udongo wa kule kiangazi hukauka ukawa kama sakafu, karanga zikang'ang'aniwa chini. Mkulima ambaye jembe limewahi kumdundia mkononi mwezi wa saba, huyo ndiye mwenye chale.

Kwa hiyo, mwanangu wa ekari mbili, ulichokuwa nacho ni hamu. Sema "nilitamani", wala si aibu, hata mimi zabibu nazitamani. Ila uliniambia pia kwamba ulipomuuliza muuzaji kisima kiko wapi, akaanza kukusifia barabara, na tumbo likakukata kidogo.

Yale ndiyo yalikuwa machale.