Namna Inzi wa Ndizi Mbivu Anavyosaidia Kutambua Magonjwa Adimu ya Jeni

Familia yenye mtoto mwenye ugonjwa adimu huweza kuzunguka hospitalini kwa miaka mingi, na hata inapofanikiwa kupata kipimo cha vinasaba, majibu wakati mwingine hurudi na maneno ya kuvunja moyo: kuna badiliko katika jeni fulani, lakini maana yake haijajulikana. Jibu hilo halitokani na uzembe wa maabara. Vinasaba vya binadamu vina herufi zipatazo bilioni 3, na kila mmoja wetu, awe mzima au mgonjwa, hutofautiana na nakala ya rejea, yaani ile ambayo wanasayansi hulinganishia vinasaba vya watu, katika sehemu milioni 4 hadi 5, ambazo karibu zote hazina madhara. Kulitambua badiliko moja lenye madhara ndani ya wingi huo ni vigumu kwa kusoma herufi peke yake. Mara nyingi hulazimu jeni ijaribiwe ndani ya kiumbe hai, na miongoni mwa viumbe waliotusaidia sana katika kazi hiyo ni inzi mdogo anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Huyu si yule inzi wa matunda anayewaharibia wakulima maembe, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akiwa mgeni kutoka Asia. Tunayemzungumzia hapa, Drosophila melanogaster, ana urefu wa milimita 3 hivi, hula hamira inayoota kwenye matunda yanayochacha, na asili yake ni Afrika, ingawa nafasi yake katika sayansi ilianza kujengwa mjini New York. Huko, mwaka 1910, Thomas Hunt Morgan wa Chuo Kikuu cha Columbia alimpata dume mwenye macho meupe badala ya mekundu, na kwa kufuatilia wazao wake akaonesha kuwa jeni ya rangi hiyo hurithiwa pamoja na kromosomu ya jinsi. Maabara humfuga ndani ya vichupa vyenye uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, yai huwa inzi kamili kwa siku 10 hivi, na jike mmoja hutaga mayai mamia, kwa hiyo swali ambalo kwa panya lingechukua miezi mingi hupata jibu ndani ya wiki chache.

Ni haki kuuliza mdudu asiye na uti wa mgongo anahusiana vipi na mtoto aliyechelewa kutembea na kusema. Inzi ana jeni za kutengeneza protini zipatazo 14,000 na sisi tunazo 20,000 hivi, na takriban robo tatu ya jeni za binadamu zinazojulikana kuhusika na magonjwa zina mwenza wake kwa inzi. Ushahidi unaonigusa zaidi ulitolewa mwaka 1995 na Walter Gehring na wenzake mjini Basel, Uswisi, walipoiwasha jeni ya panya iitwayo Pax6 katika viungo vya inzi ambavyo havipaswi kuwa na macho, na macho yakaota humo. Yalikuwa macho ya inzi, si ya panya, maana jeni ile ilitoa amri tu na mwili wa inzi ukaielewa. Kwa binadamu, hitilafu ya jeni hiyo hiyo humfanya mtoto azaliwe bila ile sehemu ya jicho yenye rangi.

Kipimo chenyewe huendeshwa hivi: mtafiti huiondoa au kuiharibu jeni ya inzi inayofanana na ile inayoshukiwa kwa mgonjwa, kisha huangalia madhara, ambayo mara nyingi ni kufa kabla ya kukomaa. Baadaye kundi moja la inzi hao hupewa jeni ya binadamu iliyo salama, na kundi jingine hupewa jeni hiyo hiyo ikiwa na badiliko la mgonjwa. Ikiwa kundi la kwanza litaokoka na la pili litakufa, badiliko hilo limeonekana kuharibu kazi ya jeni.

Kwa njia ya namna hii, watafiti wa Chuo cha Tiba cha Baylor mjini Houston, Marekani, waliichunguza jeni ya EBF3, ambayo mwenza wake kwa inzi huitwa knot. Mwaka 2017 waliripoti watu watatu waliochelewa kukua, wenye misuli legevu na shida ya kusema, ambao wote walikuwa na badiliko katika sehemu ile ile ya protini, na majaribio ya inzi yakathibitisha kuwa mabadiliko hayo yana madhara. Wazazi hawakuwa nayo, kwani yalizuka upya kwa mtoto. Hili nalisisitiza kwa makusudi, kwa sababu katika jamii zetu mama ndiye hulaumiwa kwanza mtoto anapozaliwa na ulemavu, na hapa hakuna alichokula, alichofanya wala alichokosea kilicholeta ugonjwa huo.

Inzi ana mipaka yake. Hana kinga ya mwili inayotengeneza kingamwili kama yetu, baadhi ya jeni zetu hazina mwenza kwake, na inzi akionekana mzima haina maana kwamba badiliko hilo ni salama kwa binadamu. Tiba pia haitoki moja kwa moja kwenye kichupa. Katika upungufu wa NGLY1, ugonjwa unaowafanya watoto wakose machozi na kuchelewa kukua, mwaka 2018 ilionekana kuwa aina fulani ya sukari iliwaokoa baadhi ya inzi wenye hitilafu hiyo. Matokeo hayo yanawapa watafiti pa kuanzia, lakini hayatoshi kumfanya mzazi amnunulie mtoto sukari hiyo dukani.

Kwa mzazi aliyepewa majibu yasiyo na uhakika, ushauri wetu ni kuitunza ripoti hiyo pamoja na maelezo kamili ya dalili za mtoto, na kumwomba daktari majibu yapitiwe upya baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa kuwa badiliko lisiloeleweka leo huenda likawa tayari linajaribiwa katika maabara fulani.