Sabuni Ipite Wapi Mwilini? Maswali na Majibu Kuhusu Kuoga

Je, ni lazima kupaka sabuni mwili mzima kila ninapooga?

Si lazima. Ngozi ina mafuta yake ya asili yanayozuia maji ya mwili yasipotee, na juu yake kuna asidi kidogo, kwa kawaida pH ya 5 hivi (pH ni kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake), ambayo huwapa taabu vijidudu vingi vya maradhi. Sabuni ya kawaida ina pH ya 9 hadi 10, na kila inapopita huondoa uchafu pamoja na sehemu ya mafuta hayo. Mahali panapohitaji sabuni kila siku ni pachache: kwapa, kinena, matako, chini ya matiti, nyayo na katikati ya vidole vya miguu. Jasho likitoka tu karibu halina harufu; harufu huja pale bakteria wa kwapani wanapolivunjavunja, na ndiyo maana mtu anaweza kujimwagia ndoo mbili za maji na kwapa likaendelea kunuka. Mikono, mapaja na miguu ya mtu aliyeshinda ofisini hutakata kwa maji matupu. Fundi gereji, muuza mkaa na mkulima aliyetoka shambani wao wapake povu mwili mzima bila wasiwasi.

Naishi Dar es Salaam, naoga asubuhi na jioni kwa sababu ya joto, na miguu imepauka mpaka nikijikuna inabaki mistari myeupe. Kosa liko wapi?

Swali hili nalijibu kwa kirefu kwa sababu wengi wanateseka nalo huku wakidhani wana ugonjwa. Kuoga mara mbili si kosa. Kosa ni kupaka sabuni mwili mzima mara zote mbili, hasa ikiwa ni kile kipande cha sabuni ya mche kinachofulia nguo na kuoshea vyombo, ambacho hukausha ngozi kuliko sabuni nyingi za kuogea. Tumia sabuni jioni, na asubuhi ipite kwapani na kinenani tu.

Angalia pia maji yenyewe. Nyumba nyingi za jijini hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na madini ya kalisi na magnesi yaliyomo hushikana na sabuni, ikakataa kutoa povu na kuacha utando unaonata, ule ule unaouona umeganda kwenye ukingo wa ndoo. Anayeoga huongeza sabuni kutafuta povu, na utando unaobaki mwilini ukazidi. Ukiweza, weka kopo mbili za maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, za kujisuuzia mwisho. Kisha jikaushe kwa kubonyeza taulo bila kusugua, na upake mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache, kwa sababu mafuta hufungia maji yaliyopo na hayawezi kuyarudisha yaliyokwisha kauka. Ukiona baada ya wiki kadhaa ngozi bado inawasha, inapasuka au ina mabaka, nenda ukaonwe na daktari.

Dodoki lina madhara?

Dodoki halina madhara likiwa kavu na la mtu mmoja. Likibaki limelowa nyuma ya mlango wa bafu, vijidudu huzaana katika nyuzi zake. Lisuuze, likamue, ulianike juani, na ulitupe likianza kunuka au kuwa na weusi.

Sehemu za siri zioshwe kwa sabuni gani?

Mwanamke aoshe nje tu, kwa maji safi au sabuni kidogo isiyo na manukato, akianzia mbele kwenda nyuma. Uke hujisafisha wenyewe, kwa kuwa ndani yake huishi bakteria wema wanaotengeneza asidi na kuwazuia wengine wasistawi. Sabuni, ndimu au shabu vikiingizwa ndani huivuruga hali hiyo, na majimaji yenye harufu kama ya samaki yanaweza kuanza. Mhusika huona hajatakata, akaongeza sabuni, na tatizo likakua. Naomba akina mama na mashangazi wanaowafunda mabinti walifikirie jambo hili. Mwanamume asiyetahiriwa avute govi nyuma taratibu na kusuuza kwa maji.

Sabuni za dawa zinaua vijidudu zaidi?

Kwa kuoga nyumbani, sabuni ya kawaida inatosha. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizuia viambato 19 vya kuua vijidudu, triklosani ikiwemo, katika sabuni za matumizi ya nyumbani, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku wala kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni za kung'arisha ngozi ni hatari zaidi: baadhi zina zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo.

Familia nzima inaweza kutumia kipande kimoja cha sabuni?

Kwa kawaida ndiyo, mradi kisuuzwe kabla ya kutumiwa na kiwekwe kwenye kisahani chenye matundu kikauke. Mwenye jipu, kidonda au upele wa kuambukiza apewe kipande chake na taulo lake mpaka apone.