Mafuta ya ndevu yakiwasha ndiyo yanafanya kazi? Nani kawaambia?

Mwezi uliopita kuna wiki niliisikia kauli hiyo mara nne. Ya nne ilitoka kwa kijana wa miaka 19 aliyeingia kibandani kwangu amevaa barakoa, na alipoivua nikazima mashine. Ngozi ya chini ya taya ilikuwa imebabuka kama ya mtu aliyemwagikiwa chai ya moto. Ndevu zenyewe, zile za kwanza kwanza, zilikuwa na umri wa wiki mbili. Zilimwasha, akatafuta mafuta ya kutuliza, wenzake wakamwelekeza achukue mafuta ya karafuu, kitunguu saumu kilichotwangwa na mafuta kidogo ya nazi, apake usiku, afunge kitambaa mpaka asubuhi. "Kaka, yaliuma mpaka machozi yakanitoka," akaniambia, tena kwa kujisifu. "Nikajua hapa sasa yanafanya kazi."

Yalikuwa yanafanya kazi kweli: ya kuunguza.

Huu ni mwaka wa 17 nashika wembe, na kwa nusu ya miaka hiyo nachanganya mafuta ya ndevu kwa wateja wangu. Nimeshazoea mtu kuniuliza yataotesha lini. Hilo linanichosha, ila halinikasirishi. Linalonikasirisha ni mteja kupaka mafuta yangu, kutulia kidogo, kisha kunirudishia chupa: "Haya mbona hayawashi? Hayana nguvu haya."

Najua tulikoitoa imani hii. Tumelelewa na dawa chungu, na balmu ya kifuani isiyofukuta mama haiamini. Sisi vinyozi ndio tumeimaliza kabisa kazi hiyo kwa spiriti: mtu ananyolewa, anamwagiwa, anaruka kwenye kiti, wenzake wanacheka, na kinyozi asiyemwagia anaitwa mchoyo. Baada ya miaka kumi ya kurushwa kwenye kiti, lazima uamini kwamba uso bila maumivu haujahudumiwa.

Sasa tazama kinachotokea. Mafuta ya karafuu ni mali safi, Pemba wanajua kuyakamua na sina ugomvi nayo. Lakini kwa kawaida zaidi ya asilimia 70 ya mafuta hayo ni eujenoli, dutu ileile ambayo madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Wanaipenda kwa sababu inatia ganzi. Ukipaka mabichi usoni, kwanza yanachoma, halafu baada ya muda maumivu yanapungua, nawe unasema yamekutuliza. Hayajakutuliza. Yamezima kengele huku nyumba ikiendelea kuungua. Mnanaa nao una ujanja wake: unagusa neva za baridi, ukahisi ubaridi, wakati ngozi ina joto lilelile. Tangawizi na pilipili hugusa neva za joto. Katika zote hizo hakuna hata moja iliyothibitishwa kwamba inaotesha ndevu.

Kitunguu saumu ndicho kibaya kuliko vyote. Kikitwangwa kibichi kinatoa alisini, na kikifungiwa kwenye ngozi kwa saa kadhaa kinaiunguza kama kemikali nyingine yoyote. Kitambaa cha yule kijana ndicho kilichommaliza. Bila kitambaa huenda angeamka na wekundu tu.

Hapo ndipo mtu ananijibu kwa hoja ya kisomi: "Lakini kuwasha kunavuta damu kwenye mizizi." Uso wako una uhaba gani wa damu? Jikwaruze kidevu na wembe uone utakavyotumia karatasi nzima kuizuia. Wekundu unaouona baada ya kupaka vitu vikali ni ngozi inayojihami, na kwenye ngozi zetu nyeusi ikishajihami inaacha deni: madoa meusi yanayokaa miezi. Wengine makovu yao hugeuka manundu yanayoendelea kukua hata kidonda kikipona, na kidevu na kisogo ni sehemu zinazopenda sana hali hiyo. Umetafuta ndevu, umepata baka la kufichwa na ndevu.

Kwa nini basi ndevu changa zinawasha? Wembe unaukata unywele kwa mshazari na kuuachia ncha kali. Ukiwa na milimita mbili tatu bado ni mfupi na mgumu, na wetu uliojikunja unapinda, ncha inarudi kuchoma ngozi pembeni ya pale ulipotokea. Mwili unauona kama mwiba, na ndivyo vipele vya ndevu vinavyozaliwa. Ongeza sabuni ya mche, ambayo watu wanaogea na kunawia uso kana kwamba ni sufuria, na ngozi inabaki kavu kama karatasi. Ndevu hukua milimita 0.3 hadi 0.4 kwa siku, yaani sentimita moja hivi kwa mwezi. Zikishavuka hapo zinalala, na nyingi zilizokuwa zimejichomeka zinajichomoa zenyewe. Kwa hiyo kuwashwa kwa wiki tatu nne za mwanzo ni kawaida. Si dalili kwamba ndevu nyingi zinakuja, wala si dalili kwamba una ugonjwa.

Kazi ya mafuta katika wiki hizo ni ndogo na inajulikana: kulainisha unywele, kuzuia ngozi isipoteze maji, kupunguza msuguano. Hakuna kazi ya nne. Hivi ndivyo ninavyochanganya, na sioni siri ya kuficha:

Chukua chupa ya rangi nzito ya mililita 30, ioshe, ikauke kabisa kabisa. Pimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la duka la dawa. Weka mililita 18 za mafuta ya alizeti, mililita 9 za ufuta, mililita 2 za nyonyo. Toboa kidonge kimoja cha vitamini E cha mafuta ukikamulie humo. Tikisa. Andika tarehe. Ukiona yananukia ukale kama mafuta yaliyokaangiwa samaki, mwaga; usisubiri, alizeti huchacha mapema na ndiyo maana natengeneza kidogo kidogo, chupa isizidi miezi miwili. Ufuta humo ndani unasaidia kuyachelewesha.

Karafuu haimo, mnanaa haumo. Kwa uso unaowasha, harufu naiacha kabisa. Ukishapona ukataka kunukia, tone moja la karafuu kwa chupa nzima, na ukiona ni dogo basi nunua marashi upake shati.

Kabla ya kupaka usoni, paka kidogo ndani ya kiwiko uache siku mbili. Watu hawafanyi. Najua hawafanyi, naandika hivyohivyo. Kisha nawa uso kwa maji ya uvuguvugu, jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu weka matone matatu kiganjani, sugua viganja, fikisha kwenye ngozi na si kwenye nywele tu. Matone matatu. Ukimeremeta kama andazi umezidisha, na vumbi la barabarani litakushukuru.

Mtu akiniuliza kwa nini alizeti na si zeituni, hapo tutakaa. Heshima ya zeituni naijua, na nyumbani kwangu haikosekani mezani. Ila kwa uso uliokwisha kuchokozeka ni chaguo baya. Ina asidi ya oleiki nyingi, ambayo huilegeza ile ngozi ya juu inayotunza maji, na watafiti walipoyalinganisha mafuta haya mawili kwenye ngozi za watu wazima, zeituni ilidhoofisha kinga hiyo na kuleta wekundu kidogo, alizeti haikufanya hivyo. Alizeti ya Singida inauzwa bei ya chini kando ya barabara, kwa hiyo hakuna anayeitangaza. Ingekuja kwenye kichupa chenye maandishi ya dhahabu mngeikopea.

Mengine mnayoniambia nayamaliza upesi, maana foleni ipo.

Nyonyo huotesha ndevu. Haioteshi. Ni mafuta mazito yenye asidi ya risinoleiki karibu asilimia 90, yanaufunika unywele ukaonekana mnene na mweusi, ukiosha vinaondoka vyote viwili. Mililita mbili katika chupa zinatosha kutoa utelezi. Ukipaka yenyewe tupu utabandika uso kwenye mto. Na tafadhali, usitwange mbegu za mbarika, ndizo za nyonyo, mwenyewe nyumbani: sumu yake, risini, inabaki kwenye makapi, na makapi hayo kuku na watoto wanayafikia.

Ukinyoa mara kwa mara zinajaa. Mwaka 1928 mtaalamu wa anatomia wa Marekani, Mildred Trotter, alipima ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa, asione wembe ukiongeza unene wala kasi. Unywele uliokatwa unaonekana mnene kwa sababu unaona kisiki badala ya ncha. Mimi naishi kwa kunyoa watu, ningekuwa wa kwanza kuitetea hii kama ingekuwa kweli. Ndevu zinaletwa na homoni na ukoo, na wengi zinaendelea kujaa mpaka karibu miaka 30. Mtazame baba, watazame wajomba, punguza haraka.

Minoksidili je? Hiyo ni dawa ya kuotesha nywele, ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, na wapo inaowasaidia kweli kidevuni. Ila hailainishi kitu. Wengi inawakausha na kuwawasha. Usiimimine kwenye mafuta yangu.

Ndimu inaua vijidudu. Inaua na sura. Maji ya ndimu kwenye ngozi, kisha jua la saa sita, ni malengelenge na madoa. Wauza juisi wanaijua vidoleni mwao.

Nazi. Si haramu, lakini wenye chunusi huwazibia vinyweleo. Na aliyeko Njombe asinipigie simu Julai kwamba yameharibika: chini ya nyuzi 24 au karibu na hapo mafuta ya nazi huganda, ndivyo yalivyo.

Mshubiri ndani ya mafuta. Ute wake una maji, na maji ndani ya chupa ya mafuta ni makazi ya bakteria. Vitamini E haiwazuii. Yenyewe inachelewesha kuchacha tu. Mwenye mshubiri nyumbani akate jani, aache ile majimaji ya njano itiririke yote kwa sababu ndiyo inayowasha, apake ute mbichi, autupe uliobaki. Kitunguu maji, majani ya mpera, maji ya mchele, jibu ni hilohilo.

Ndevu zikiwa na magamba, ongeza mafuta. Hapa ndipo wanapojiumiza wakidhani wanajitibu. Ukavu wa kawaida unatoa unga mweupe mwembamba, nao mafuta yanautuliza. Lakini magamba ya njano yenye mafutamafuta, yanayokaa pia kwenye nyusi na pembeni ya pua, ni mba, na fangasi wake anakula mafuta. Maabara wanapotaka kumkuza wanamwekea mafuta ya zeituni juu ya chakula chake. Wewe unamwekea bure kila usiku. Huyo anataka shampuu ya ketokonazoli, iache kwenye ndevu dakika tatu hadi tano ndipo uoshe, mara mbili kwa wiki, na chupa yangu ikae kabatini kwanza.

Na ile krimu ya mchanganyiko, ya tyubu ndogo, inayouzwa dukani pembeni ya biskuti. Wateja wanaipenda kwa sababu kesho yake uso umetulia. Umetulia kwa sababu ina steroidi, dawa inayozima wekundu na muwasho. Kama ni fangasi, steroidi inaficha duara lake, anatembea chini kwa chini, na ukija kwangu baada ya miezi miwili ngozi imekuwa nyembamba na daktari mwenyewe anahangaika kumtambua. Ukiona usaha, duara linalopanuka, au nywele zinazong'oka kwa kuguswa tu, nenda kliniki ya ngozi bila kupaka chochote, wamuone alivyo.

Yule kijana sikumnyoa. Nilimwosha kwa maji matupu, nikampaka mafuta ya mgando yasiyo na harufu, nikamwambia aende kliniki siku ileile, akaenda. Amerudi juzi, wiki ya tano. Pamepona, baka jeusi lipo upande wa kushoto, na ndevu zimerefuka kiasi cha kulala. Nikampa chupa. Akanusa, akanitazama. Akapaka matone matatu kama nilivyomwelekeza, akakaa kwenye benchi na simu yake. Baada ya dakika mbili akainua kichwa: "Kaka, yameshaanza kufanya kazi? Maana sisikii kitu."